Nimesafisha filta, siku ya tatu maji yamekuwa meupe na amonia imepanda. Kosa liko wapi?

#1 MajiTulivu
Wakuu, habari za muda huu. Naweka vipimo vyote hapa ili tusipoteze muda kuulizana.

Tangi la samaki la lita 120, lina mwaka na kitu. Filta ni ya kanista, yaani chombo kinachofungwa kinachokaa nje ya tangi, kwenye boksi imeandikwa lita 800 kwa saa. Ina trei tatu: chini sponji ya vitundu vikubwa, katikati pete za kauri, juu pamba ya kuchujia na mfuko wa kaboni. Haikufunguliwa miezi mitano, maji yakawa yanachuruzika tu. Jumamosi nikaifungua. Sponji na pete nilisuuza kwenye ndoo ya maji ya bomba yaliyolala usiku mzima, pamba na kaboni nikatupa nikaweka mpya. Siku hiyohiyo nikavuta uchafu wa kwenye changarawe na kubadilisha nusu ya maji. Filta ilikaa bila kuzunguka kama saa tatu.

Leo siku ya tatu maji ni meupe kama yametiwa maziwa, samaki wako juu wanavuta hewa. Amonia 0.5, nitriti 0, nitrati 10, pH 7.6, joto nyuzi 27. Kabla ya hapo amonia ilikuwa sifuri kila nikipima. Nimeua bakteria wa filta wanaokula amonia, au kuna jingine?

#2 KambareMkongwe
Samaki kwanza, mjadala baadaye. Weka jiwe la hewa sasa hivi, usilishe siku mbili, na filta usiiguse tena. Samaki mzima anahimili siku mbili bila chakula. Bila oksijeni hafiki asubuhi.

#3 BintiWaKina
Ni klorini. Inawekwa kwenye maji ya bomba kwa kazi moja tu, kuua bakteria, nawe ukaosha nayo makazi ya bakteria wako. Sponji na pete husuuzwa kwa maji uliyoyatoa tangini, basi.

#4 MajiTulivu
Dada BintiWaKina, maji yalilala usiku mzima ndoo ikiwa wazi. Klorini si inaruka?

#5 ToneKwaTone
Klorini ya kawaida inaruka. Kloramini hairuki kirahisi hivyo, ndiyo maana mamlaka nyingi za maji zinaitumia: inadumu kwenye mabomba marefu. Ukilaza ndoo usiku mmoja bado ipo karibu yote.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kloramini ni klorini iliyoshikana na amonia. Ukitia dawa ya kuondoa klorini yenye thiosulfeti, inavunja klorini na kukuachia ile amonia majini. Kwa hiyo kabla hujailaumu filta, pima amonia kwenye maji ya bomba yenyewe, glasi moja tupu na nyingine iliyotiwa dawa. Bomba likisoma 1 na wewe umebadilisha nusu ya tangi, hiyo 0.5 yako imetoka bombani.

#6 PeziRefu
Hoja ya #5 inaeleza siku ya kwanza, haielezi siku ya tatu. Filta nzima ya tangi la mwaka mmoja inamaliza 0.5 ndani ya siku moja. Ikiwa bado ipo, filta imepungua nguvu, au kuna kinachoendelea kutoa amonia kila siku.

Kingine, tutenganishe weupe na amonia. Amonia haina rangi. Ule weupe ni bakteria wa aina nyingine kabisa, wanaokula uchafu ulioyeyuka, na wanaelea majini badala ya kushika mahali. Umechokoa changarawe ya miezi mingi, umewamwagia chakula. Chakula kikiwepo wao huongezeka mara mbili kwa saa moja hivi au pungufu. Wale wa amonia huhitaji nusu siku, siku nzima au zaidi kufanya hivyohivyo. Na hao wa weupe ndio wanaomaliza oksijeni, hivyo samaki wakapanda juu.

#7 ToneKwaTone
Hilo la oksijeni nakubaliana nalo kwa hesabu. Kipimo cha matone kinasoma amonia yote kwa pamoja, lakini sumu ni ile iliyo huru tu. Kwa pH 7.6 na nyuzi 27, iliyo huru ni kama asilimia 2.5 ya yote. Kwa hiyo 0.5 yako ina sumu ya 0.013 hivi. Hiyo peke yake haimpandishi samaki juu ya maji. Ingekuwa pH 8.4, asilimia ingefika 14 na tungezungumza lugha nyingine.

Usibabaike ukaanza kupandisha pH kwa sababu yoyote ile.

#8 FundiImpela
Maswali matatu, mkuu MajiTulivu, yajibu kabla hatujaenda mbali.
Zile saa tatu, filta ilikuwa imefungwa ikiwa na maji ndani, au ilikuwa wazi?
Ulipoifungua ilinukaje?
Bomba la kutolea maji liko juu ya uso wa maji au limezama?

#9 MajiTulivu
Nilizima kwanza, nikashughulika na changarawe kama saa mbili, ndipo nikaifungua. Kwa hiyo ilikuwa imefungwa na imejaa. Ilinuka kidogo kama yai viza. Bomba la kutolea limezama kama vidole viwili chini ya uso. Zamani lilikuwa linagusa uso, maana maji yalikuwa yamepungua kwa mvuke na sikuwa najaza mara kwa mara. Jumamosi nikajaza mpaka juu.

#10 FundiImpela
Basi una mambo mawili ambayo hayakutajwa mpaka sasa.

La kwanza ni kanista iliyofungwa. Mle ndani kuna bakteria wengi kuliko mahali pengine popote, na oksijeni yao huja na mtiririko tu. Ukizima pampu, wanamaliza iliyobaki kwa muda mfupi, kisha wanaanza kudhoofika. Filta chafu ya miezi mitano ni mbaya zaidi kwa sababu matope nayo yanakula oksijeni. Harufu ya yai viza ni sulfidi ya hidrojeni, dalili kwamba humo kulikuwa na sehemu isiyofikiwa na hewa. Umeme ukikatika saa kadhaa, usiwashe kanista moja kwa moja: fungua, mwaga maji ya ndani, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. La sivyo uoza wote unasukumiwa samaki.

La pili ni bomba. Hewa inaingia tangini pale uso wa maji unapotikisika. Lilipokuwa linagusa uso lilikuwa linautikisa. Umejaza maji, bomba limezama, uso umetulia, na siku hiyohiyo bakteria wa #6 wameongezeka. Linyanyue sasa mpaka uone uso unacheza tangi zima.

#11 PeziRefu
La bomba nakupa mkono, mimi lilinipita kabisa. La harufu sikubali. Tope la miezi mitano chini ya kanista linanuka hata filta ikiwa inazunguka, kwa sababu maji hupita njia rahisi na kuacha pembe zimelala. Harufu haithibitishi kwamba saa mbili zimeua kitu.

#12 KambareMkongwe
Haya ndiyo ninayosema miaka yote. Sponji ya pampu ya hewa haina chombo cha kufunga. Ikizimika, imekaa katikati ya maji ya tangi, inavuta pumzi pamoja na samaki. Ukiisafisha unaikamua mara tatu kwenye ndoo, dakika tano umemaliza. Lita 120 weka sponji mbili kubwa, kila upande moja, usafishe kwa zamu: wiki hii ya kulia, baada ya wiki mbili ya kushoto. Hutaandika uzi kama huu.

#13 BintiWaKina
Nilijua Mzee Kambare atafika kwenye sponji kabla ya ukurasa wa pili 😄 Ila la zamu ni la kweli kwa filta yoyote.

#14 KambaMwekundu
Naungana na Mzee kwa tangi la kamba wadogo na vifaranga. Sponji haiwavuti, na uso wake ni malisho yao. Lakini kazi ya pampu ya hewa ina mambo matatu ambayo watu wanayaruka:

Weka jiwe dogo la hewa ndani ya bomba la sponji. Viputo vidogo vinainua maji mengi kuliko viputo vikubwa, na ule mlio wa kubwabwaja unapungua.

Bomba la kupandishia liwe refu, mdomo wake ufike karibu na uso. Viputo vinavyosafiri njia ndefu chini ya maji ndivyo vinavyoinua. Ukilikata fupi, sponji inabaki kuwa pambo.

Vali ya kuzuia maji kurudi ni lazima, au pampu ikae juu zaidi ya uso wa maji. Umeme ukikatika, maji yanaweza kurudi kwenye mpira mpaka ndani ya pampu na kuendelea hadi sakafuni.

Na hewa ikizidi usiibane pampu, unachosha kiwambo cha mpira kilichomo ndani. Weka njia panda, hewa ya ziada itoke nje.

#15 PeziRefu
Sponji ni nzuri, ila tusiipe kazi isiyo yake. Haikusanyi chembe ndogo kama pamba inavyofanya, inakula nafasi ndani ya tangi, na samaki wanaochafua sana kama samaki wa dhahabu au siklidi wakubwa wataizidi. Uchafu wote inaoushika nao bado uko ndani ya maji yaleyale mpaka uutoe.

Kuchagua filta ni kuanza na samaki, lita zifuate. Betta anataka mtiririko mdogo, mapezi yake yanamlemea. Samaki wa dhahabu mpe uwezo mara mbili ya ulioandikwa. Tangi la jumuiya ya samaki wadogo, maji yote yapite kwenye filta mara 4 hadi 6 kwa saa, inatosha.

#16 MajiTulivu
Yangu ni lita 800 kwa tangi la 120. Mara sita na zaidi. Niko sawa?

#17 FundiImpela
Hiyo 800 wameipima chombo kikiwa kitupu. Ukiweka sponji, pete na pamba, tegemea nusu au zaidi kidogo. Usikisie, ipime: elekeza bomba la kutolea kwenye ndoo ya lita 10, hesabu sekunde. Sekunde 45 ni lita 800 kwa saa. Sekunde 60 ni 600. Sekunde 90 ni 400. Andika namba hiyo siku ya kwanza baada ya kusafisha. Ikishuka kwa theluthi moja, fungua. Hapo hufuati tena kalenda ya mtu mwingine, unafuata filta yako.

#18 MiziziNaMajani
Na usisahau kimo. Kanista ikiwa chini ya kabati, pampu inapandisha maji zaidi ya mita moja, nguvu inapotea hapo.

#19 ToneKwaTone
Hapana, hilo linaaminiwa sana lakini si sahihi kwa kanista. Ni mzunguko uliofungwa: maji yanayoshuka yanavuta yanayopanda, uzito unalingana. Kinachobaki ni msuguano wa mipira na vichujio, pamoja na tofauti ndogo kati ya uso wa maji na mdomo wa bomba. Kimo kinapunguza mtiririko kwenye sampu, lile tangi la ziada linalokaa chini, ambako maji yanaanguka wazi na pampu inaanza kuyapandisha upya kutoka chini.

Kwa sababu hiyohiyo, jaribio la ndoo la #17 lifanywe mdomo wa bomba ukiwa usawa wa uso wa maji. Ukiweka ndoo sakafuni, uzito wa maji unaongeza kasi na utapata namba ya kujifurahisha.

#20 MiziziNaMajani
Nimeelewa, asante. Lakini mbona watengenezaji wanaandika kimo cha mwisho?

#21 FundiImpela
Kwa sababu ya kuanza, kabla bomba la kutolea halijajaa maji, na kwa sababu ya mpira wa kifuniko. Kadiri kanista inavyokaa chini zaidi, ndivyo shinikizo linavyoongezeka kwenye ule mpira.

#22 MiziziNaMajani
Sawa. Basi niseme nilichokuja kusema. MajiTulivu, hukutaja mimea. Mimea inayokua haraka inakula amonia yenyewe, hata kabla ya bakteria. Ulipokuwa unavuta changarawe uling'oa au kukata chochote?

#23 MajiTulivu
Nilipunguza mimea inayoelea, ilikuwa imefunika uso wote. Nikatoa kama robo tatu.

#24 MiziziNaMajani
Basi hapo ndipo penyewe. Filta iliyoziba kwa muda mrefu ilikuwa inasaidiwa na mimea hiyo, wewe hukuona kwa sababu kipimo kilikuwa sifuri. Umetoa robo tatu ya waliokuwa wanakula amonia, siku hiyohiyo umesafisha filta. Irudishe kama bado unayo.

#25 PeziRefu
Hii ni sababu ya tano au ya sita sasa, na kila moja ina mantiki. Ubaya ni kwamba mambo yote yalifanyika Jumamosi moja.

#26 KambareMkongwe
Hapo umenena. Kusafisha filta, kuvuta changarawe, kubadilisha nusu ya maji, kupunguza mimea: kila kimoja na wiki yake.

#27 BintiWaKina
Na kaboni je? Miezi mitano ilikuwa imeshiba. Nimesikia kaboni ikishiba inarudisha sumu majini. Huenda ilianza kurudisha kabla hajaitupa?

#28 ToneKwaTone
Kaboni haishiki amonia ya kiasi cha kutajwa, kwa hiyo haina cha kurudisha. Inashika rangi ya njano ya magogo na majani, harufu, na dawa. Baada ya wiki tatu nne imekwisha kazi hiyo, inabaki kuwa changarawe nyeusi yenye utando wa bakteria juu yake. Na hapo ndipo pana uzito: ya miezi mitano ilikuwa imegeuka makazi ya bakteria, pamba vilevile. Alivitupa vyote siku moja.

Kinachoshika amonia ni zeolaiti. Ukiwa na dharura, mfuko mmoja mahali pa kaboni utaiteremsha kwa saa chache.

#29 KambaMwekundu
Lakini kwa tahadhari: zeolaiti na chumvi havikai tangi moja. Chumvi inaing'oa amonia kutoka kwenye zeolaiti na kuirudisha yote majini. Hata njia ya kuisafisha ni hiyohiyo, kuilaza kwenye maji ya chumvi.

#30 MajiTulivu
Siku ya tano. Nimeinua bomba, nimeweka jiwe la hewa, samaki wameshuka chini usiku uleule. Weupe umepungua, naona ukuta wa nyuma. Amonia 0.25. Nitriti imetokea, 0.25. Bomba nimepima: glasi tupu 0.25, yenye dawa 0.25.

#31 BintiWaKina
Bomba lina amonia! #5 alisema.

#32 PeziRefu
Bomba lina 0.25, nusu ya maji ni 0.125. Tangi lilisoma 0.5. Bado kuna amonia ambayo bomba haliielezi.

#33 ToneKwaTone
Na pia haionyeshi kwamba maji aliyosuuzia yalikuwa salama. Amonia ya bombani ni dalili ya kloramini. Usiku mmoja ndooni haukuitoa, na pete zake zilioshwa humo.

Nitriti kujitokeza kunanifanya niwafikirie bakteria wa hatua ya pili: wa kwanza wanageuza amonia kuwa nitriti, hawa wanageuza nitriti kuwa nitrati. Vitabu vya zamani vinawaita Nitrobacter, lakini utafiti wa mwaka 1998 kwenye matangi ya maji baridi ulikuta wanaofanya kazi hiyo ni jamii ya Nitrospira. Na mwaka 2015 ikagundulika kwamba baadhi ya Nitrospira wanaweza kubeba safari nzima, amonia mpaka nitrati. Hatua moja ikirudi kabla ya nyingine, nitriti inajikusanya katikati. Kwangu hii ni picha ya filta iliyojeruhiwa inayopona.

#34 FundiImpela
Au ya filta iliyokosa hewa. Hatua ya pili nayo inahitaji oksijeni, na tangi limekaa siku tatu na uso uliotulia.

#35 KambareMkongwe
Mkuu, nitriti inashambulia damu ya samaki, inaizuia kubeba oksijeni. Tia gramu 1 ya chumvi isiyo na viungo kwa kila lita 10, yaani gramu 12 kwa tangi lako, iyeyushe kwanza kwenye kikombe. Kloridi ya chumvi inashindana na nitriti pale kwenye matamvua. Kiasi hicho hakiumizi mimea wala kamba. Na kama ulishaweka zeolaiti, itoe kwanza, soma #29.

#36 MajiTulivu
Sikuweka zeolaiti. Chumvi natia leo. Nikifungua tena filta huko mbele, nipange vipi trei? Kuna anayesema pamba iwe kabla ya pete.

#37 PeziRefu
Kabla. Maji yanaingia chini: sponji kubwa, sponji ya kati, pamba, kisha pete. Pete za kauri zina vitundu ambavyo tope likiingia halitoki tena. Zipelekee maji yaliyokwisha kuchujwa.

#38 KambareMkongwe
Pamba ikiwa chini utaifungua kanista kila wiki mbili, maana inaziba kuliko kitu chochote. Weka juu kabisa, mwisho wa safari. Sponji ya vitundu 20 hadi 30 kwa inchi chini inatosha kuzilinda pete.

#39 ToneKwaTone
Mimi nauliza kama pete zenyewe zinahitajika. Vile vitundu vya ndani maji hayapiti, oksijeni inapenya kwa kujipenyeza taratibu tu, na utando ukishakua unaziba midomo yake. Bakteria wengi wako juu juu. Sponji ya kati ina uso mwingi, maji yanapita katikati yake, na unaweza kuikamua. Trei tatu za sponji za ukubwa tofauti zitafanya kazi ileile.

#40 PeziRefu
Sponji hiyohiyo ukiikamua umemwaga sehemu ya bakteria, pete haziguswi mwaka mzima. Kwangu huo ndio uzito wa pete: ni benki isiyofunguliwa.

#41 KambaMwekundu
Kabla hamjamaliza hilo, aweke sponji kwenye mdomo wa bomba la kuvutia, ile ya silinda yenye tundu katikati. Inakamata majani na mabaki ya chakula kabla hayajaingia. Unaichomoa kila wiki unapobadilisha maji, unaivika mfuko kwanza ukiwa bado chini ya maji ili uchafu usitawanyike, unaikamua ndooni. Kanista hapo inakaa miezi mitatu minne bila kuguswa.

#42 FundiImpela
Nami niongeze utaratibu wa kufungua, maana nusu ya filta ninazoletewa hazijaharibika, zimesafishwa vibaya.

Toa plagi kwanza, kabla mkono haujaingia majini. Funga vali zote mbili. Chukua ndoo mbili za maji ya tangi. Sponji kamua kwenye ya kwanza mpaka zirudi kujaa zenyewe mkononi, usitafute rangi ya dukani. Pete zichovye kwenye ya pili, zitikise mara mbili, basi. Ubadilishe kitu kimoja tu cha kutupwa kwa mara moja.

Kisha impela, kile kigurudumu chenye sumaku na mabawa kinachosukuma maji. Wengi hawaigusi, nayo ndiyo inayopunguza mtiririko kwa siri. Vuta sumaku itoke kwenye shimo lake, utaona ute wa kahawia unaoteleza kama kamasi umeizunguka. Sugua shimo kwa brashi nyembamba, na mabawa yote. Mhimili wa kauri haupindi, unavunjika, kwa hiyo uvute wima. Kama kuna chokaa nyeupe, loweka kwenye siki nusu saa, suuza sana.

Mipira mirefu nayo ina ute ndani. Brashi ya waya mrefu inaurudisha mtiririko kuliko pamba mpya.

Mpira wa kifuniko: toa, futa, upake grisi ya silikoni kidogo sana, ung'ae tu. Usitumie mafuta ya petroli ya kujipaka, yanavimbisha mpira na kifuniko kitaanza kutoa machozi. Pangusa na mfereji wake, punje moja ya mchanga inatosha kuvujisha.

Ijaze maji kabla ya kuiwasha, kisha iinamishe huku na huku ili hewa iliyojificha kwenye trei itoke. Viputo vichache siku ya kwanza ni kawaida. Vikiendelea siku ya tatu, kuna mahali panavuta hewa upande wa kuingizia.

#43 BintiWaKina
Na nyaya zipinde chini kuliko soketi kabla hazijapanda, tone likiteremka lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye plagi.

#44 MajiTulivu
Siku ya tisa. Maji yako wazi. Amonia 0, nitriti 0. Mimea niliyobaki nayo imeanza kufunika tena. Jaribio la ndoo, mdomo ukiwa usawa wa maji: sekunde 64.

Ila sasa filta inagonga. Tik tik tik, usiku naisikia chumba cha pili. Kabla ya Jumamosi ile haikuwa hivyo.

#45 PeziRefu
Sekunde 64 ni kama 560 kwa saa. Mara nne na nusu hivi. Uko vizuri, usiongeze kitu.

#46 FundiImpela
Hewa ingekuwa inakoroma, haigongi kwa mpigo. Mhimili wa impela unakaa kwenye vipira viwili, kimoja chini ya shimo, kingine kwenye kifuniko cha impela. Ni vidogo kama punje ya dengu, vyeusi, na vinabaki vimenata mahali au vinaondoka na maji ya kusuuzia. Zima, fungua, vihesabu.

#47 MajiTulivu
Kipo kimoja, cha kwenye kifuniko. Cha chini hakipo. Ndoo ya Jumamosi niliimwagia kwenye chungu cha maua, ngoja nikachakure.

#48 MajiTulivu
Nimekipata, kiko juu ya udongo.

#49 FundiImpela
Kioshe, kichomeke kwenye ncha ya mhimili kwanza, ndipo uushushe wote shimoni kwa pamoja. Ukikidondosha peke yake kinalala kiubavu na mhimili unakatika siku unapowasha.